Leva za tairi za baiskeli ya mbio: jinsi ya kuchagua zitakazohimili tairi linalobana

Nilivunja leva mbili, vile vipini vya kuvulia tairi, kwa pancha moja, barabara ya Bagamoyo, karibu na Mapinga, jua la saa nne likiwa limeshachachamaa. Zilikuwa zile za plastiki nyeusi nyembamba zinazokuja bure ndani ya pakiti ya viraka, na tairi lilikuwa Continental Gatorskin jipya la upana wa milimita 25 ambalo nilikuwa nimelivalisha wiki ileile kwa jasho na matusi. Kijana wa bodaboda aliyesimama kunisaidia akanipa bisibisi. Tairi likatoka. Tyubu nayo ikatoka, ikiwa na tundu jipya kubwa kuliko lile la mwiba, na rimu yangu ya alumini mpaka leo ina kovu ambalo kidole kinalihisi.

Nilisukuma baiskeli hadi kwa fundi wa Kerege. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yake yameshatua kwenye lile kovu.

"Marahaba. Hapa umepita na nini, mwanangu?"

"Bisibisi, mzee."

Hakusema neno. Alilaza gurudumu mapajani, akaliminya tairi kwa vidole gumba duara zima, akarudia tena, kisha akalivua kwa leva moja nene ya plastiki ambayo aliachiwa na mteja. Hakutumia hata robo ya nguvu nilizotumia mimi. Nilipomuuliza, akanionyesha katikati ya rimu. "Tairi linatoka huku," akasema, "hiyo leva inamalizia tu."

Kwa hiyo mwongozo huu unahusu leva, lakini utaanzia ndani ya rimu. Mtu asiyejua kwa nini tairi lake linabana atanunua leva ya chuma, na leva ya chuma mkononi mwa mtu huyo ni bisibisi yenye bei ya juu.

Kwanza, lijue tairi lako linabana kwa sababu gani

Tazama ubavuni mwa tairi. Karibu na maandishi ya 700x25 utaona namba nyingine: 25-622. Hiyo 622 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali ambapo ukingo wa tairi unakaa kwenye rimu. Matairi yote ya 700C, yaani haya ya baiskeli za mbio yanayoandikwa 700, yana namba hiyo hiyo. Zile baiskeli za Phoenix za inchi 28 tulizokulia nazo ni 635, ndiyo maana tairi la huku haliingii kule hata ulibembeleze.

Ndani ya ukingo huo kuna waya wa chuma, au nyuzi za aramidi kwa matairi yanayokunjika. Vyote viwili havivutiki, na havitakiwi kuvutika, la sivyo tairi lingechomoka likijazwa upepo. Sasa jiulize: ukingo wa milimita 622 unavukaje mdomo wa rimu ambao kipenyo chake kimezidi 630?

Jibu liko kwenye mfereji. Katikati ya rimu pana shimo la duara lililo chini kuliko mabega mawili ambapo kingo hukaa. Ukingo ukiangukia humo kwa upande mmoja wa gurudumu, upande wa pili unapata ulegevu, na ulegevu huo ndio unaokuwezesha kuuvusha. Ukingo usipoangukia humo, wewe unashindana na waya wa chuma. Katika shindano hilo kinachovunjika ni leva, au kucha.

Ukishaelewa hivyo, sababu za tairi kubana zinajipanga zenyewe. Rimu yenye mfereji wa kina kifupi hubana zaidi. Utepe wa ndani ya rimu, ule unaofunika vichwa vya spoki, ukiwa mnene unaujaza mfereji. Mafundi wetu wengi hukata kipande cha tyubu kuukuu na kukizungusha humo badala ya utepe. Kwa Phoenix haina neno. Kwa rimu ya mbio umeziba ulegevu wako wote kwa mkono wako mwenyewe. Kabla hujatumia hela kununua leva, fungua uone kilichomo. Utepe mwembamba wa kunata unaweza kulifanya tairi lililokuwa likikutoa machozi livuliwe kwa vidole.

Tairi jipya hubana kuliko lililotembea. Tairi la kuzuia miiba, lenye mbavu ngumu, ni bishi kupinda. Na matairi ya tyublesi, yale yanayojazwa upepo bila tyubu, ndiyo yanayoongoza kwa kubana, kwa sababu ukingo wake umetengenezwa ukae kwa kukazwa ili upepo usipite, na mabega ya rimu zake mara nyingi yana kinundu cha kuuzuia usiteleze kurudi mfereji.

Fanya jaribio hili nyumbani, umekaa kwenye mkeka, siyo kando ya barabara. Toa upepo wote, minya kingo ziingie mfereji, jaribu kulivua kwa mikono. Likitoka, leva yoyote ya plastiki yenye heshima itakutosha, na unaweza kuacha kusoma hapa. Likikataa kwa mikono lakini likakubali kwa leva, tafuta leva pana. Likikulazimu kumwita jirani, basi unahitaji leva pana njiani na kifaa kingine nyumbani, ambacho nitakitaja huko mbele.

Mahali leva inapokatikia

Wanaokumbuka sayansi ya shule ya msingi wataikumbuka wenzo: mzigo, egemeo, jitihada. Leva ya tairi ni hiyo hiyo. Mdomo wa rimu ni egemeo. Ukingo wa tairi ni mzigo. Mkono wako ni jitihada.

Chukua leva ya sentimita 12. Ncha iliyo chini ya ukingo iko kama sentimita 1.5 kutoka kwenye egemeo, zinabaki 10.5 upande wa mkono. Gawanya: mara 7. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10, ambayo ni ya kawaida kabisa, ncha inanyanyua kwa kilo 70. Ukikasirika ukasukuma kwa kilo 20, ni 140. Na sehemu inayobeba mateso makubwa kuliko zote ni pale leva inapolalia mdomo wa rimu, sentimita moja au mbili kutoka nchani. Chunguza leva yoyote iliyovunjika utaona imekatikia hapo hapo. Zangu mbili za Mapinga zilikatika mahali pamoja kama mapacha.

Basi unaponunua, usishike mpini ukasema "hii nene". Tazama shingo.

Hapo kuna mgogoro kidogo. Shingo ikiwa nene, leva ni imara. Lakini ncha ikiwa nene, haiingii chini ya ukingo uliobana, au inaingia pamoja na tyubu. Njia ya kutoka ni upana. Ukiongeza upana wa leva mara mbili, uimara wake unaongezeka mara mbili, na ncha inabaki nyembamba vilevile. Unene nao una faida kubwa zaidi kadiri unavyorudi nyuma ya ncha: kutoka milimita 4 hadi 5 tu, uimara unapanda kwa zaidi ya nusu, kwa sababu unene huhesabiwa kwa kipeo cha pili. Leva nzuri kwa hiyo ina ncha nyembamba na pana, halafu inanenepa haraka kuelekea shingoni. Ukiitazama ubavuni ni kama ulimi wa ng'ombe.

Leva za Pedro's zimejengwa hivyo, na ndizo ninazobeba. Huuzwa mbili mbili, zinabanana kwa kufungwa pamoja, na upana wake hufanya ukingo usilemee ncha moja kali. Za Schwalbe na za Park Tool TL-1.2, ambazo huja tatu tatu, ni nyembamba zaidi na huingia kwa urahisi. Kwa matairi ya kawaida nazipenda, ila kwa lile Gatorskin zilipinda mpaka nikazihurumia.

Plastiki, chuma, au vyote viwili

Leva za chuma tupu zilikuwa sahihi kwa wakati wake. Rimu za Phoenix ni chuma, na chuma kwa chuma hakidhuriani sana. Ndiyo maana hata leo vile vibati vilivyopindwa ncha vinapatikana katika maduka mengi ya vipuri vya baiskeli, na ndiyo maana mafundi wengi hawaoni ubaya wa bisibisi. Rimu ya alumini ni laini kuliko leva ya chuma: itakwaruzwa, na mkwaruzo wenye ncha utakuja kukata tyubu siku ambayo umeshasahau. Rimu ya kaboni ni mbaya zaidi, kwani chuma huweza kuponda nyuzi za mdomo wake, na huko hakuna kupiga msasa. Kwa kaboni ni plastiki tu. Hapo sina mjadala.

Leva za alumini huonekana kama suluhu ya katikati, nyepesi na za kupendeza. Alumini juu ya alumini nayo inachubua. Nimezitumia, nimeziweka kabatini.

Plastiki hazilingani. Ile laini, inayong'aa, inayopinda ukiikamata kwa vidole viwili, itapinda vivyo hivyo kwenye tairi mpaka ikatike au ukingo uchomoke na kukupiga kwenye vifundo vya vidole. Unayotaka ni nailoni, hasa iliyotiwa nyuzi za kioo. Hiyo ina uso usiong'aa, ni ngumu, na ukiigonga mezani inatoa mlio mkavu.

Kisha kuna leva zenye chuma ndani na nailoni nje, kama Park Tool TL-6.2. Hizi ndizo jibu kwa tairi linalovunja kila kitu. Hazivunjiki kwa mkono wa binadamu wa kawaida, na nailoni yake inailinda rimu. Lakini zina mitego miwili. Ncha yake huwa nene kidogo kuliko ya plastiki tupu, hivyo kuiingiza ni kazi. Na nailoni ikichubuka nchani chuma kikaanza kuchungulia, hiyo sasa ni leva ya chuma, hata kama mpini bado unapendeza. Ikague kila baada ya matumizi.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: leva isiyovunjika huhamishia tatizo kwingine. Plastiki ikikatika imekupa onyo kwamba unalazimisha. Chuma hakikuonyi, utasikia tu waya wa ukingo umelia, au tyubu imepasuka. Mwenye haraka na asiyejua habari za mfereji, namshauri abaki na plastiki.

Ukiwa dukani

Pitisha ukucha kwenye ncha. Leva zilizomwagwa kwenye kalibu mbovu huwa na mshipa mkali ulioachwa pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mshipa huo unakata tyubu. Ukiipenda leva lakini ina mshipa, kipande cha msasa laini na dakika mbili zitamaliza kazi.

Muombe muuzaji uibonyeze kidogo kwenye ukingo wa meza yake. Ipinde mpaka uone inaanza kukubali, kisha iachie. Ikirudi ilivyokuwa, sawa. Ikibaki na mstari mweupe shingoni, imeshaanza kufa. Irudishe kwa adabu.

Tazama ndoano ya nchani. Iwe na kinundu kidogo cha kushika ukingo usiteleze, lakini kisiwe kirefu kama kulabu ya samaki, maana hicho ndicho kinachonasa tyubu.

Ndoano ya kuning'iniza kwenye spoki, ile ya upande wa mkiani, ni msaada mkubwa kwa spoki za mviringo. Kwa spoki bapa nyingi haiingii, kwa hiyo usiilipie. Na kama baiskeli yako ina breki za diski, fanya kazi upande usio na diski: leva haitaigonga, na mafuta ya mikono yako hayataifikia.

Rangi. Unaweza kucheka, lakini nunua za njano au za waridi. Nyeusi niliziacha kwenye majani ya Zinga na sikuziona tena.

Kuvua, hatua kwa hatua

Toa upepo wote. Siyo "karibu wote". Kwenye valvu nyembamba, legeza kile kikofia cha juu ukibonyeze huku unaliminya tairi hadi lisipumue tena. Kama valvu ina nati ya kuikaza kwenye rimu, ifungue.

Sasa fanya alichofanya yule mzee. Minya kingo zote mbili kuelekea katikati, ukianzia popote, uzunguke duara zima. Kwa tyublesi utasikia zinaruka kutoka begani kwa mlio. Zunguka mara ya pili, kwa sababu zile za mwanzo zina tabia ya kurudi. Hapa ndipo watu huwa na haraka, na hapa ndipo leva huvunjikia, ingawa mlio wa kuvunjika unasikika dakika tano baadaye.

Leva ya kwanza iingie karibu na valvu, kama upana wa vidole vinne pembeni yake. Najua wengine hufundisha kuanzia upande wa pili. Lakini valvu inasimama ndani ya mfereji. Pale ilipo, ukingo hauwezi kushuka. Ukianza mbali nayo, unautaka ulegevu kutoka mahali usipoweza kupatikana. Ukianza karibu nayo, upande wote wa mbali uko huru kuzama.

Ingiza ncha juu juu tu, iushike ukingo bila kufika kwenye tyubu. Vuta kuelekea kitovu cha gurudumu taratibu, ining'inize kwenye spoki. Leva ya pili iingie sentimita 5 hadi 7 kutoka kwa ya kwanza. Watu huweka sentimita 15 wakidhani wanaokoa muda. Kwa umbali huo unanyanyua kipande kirefu kwa mkupuo mmoja, na hesabu yetu ya kilo 70 inakuwa kichekesho. Kabla ya kuvuta ya pili, rudi upande wa mbali ukaminye tena kingo mfereji kwa mkono wa kushoto. Vuta. Ikigoma, toa, isogeze karibu zaidi na ya kwanza.

Kipande cha kwanza kikishavuka, leva pana huweza kuteleza kando ya rimu na kuvua yaliyobaki kama unafungua zipu. Isipoteleza usiisukume kwa kiganja, endelea kwa hatua fupi.

Kuvalisha bila kuitoboa tyubu mpya

Leva nyingi hutumika vibaya hapa kuliko kwenye kuvua. Kanuni ya mfereji ni ile ile, ila safari inageuka: unaanzia upande ulio kinyume na valvu na kumalizia kwenye valvu.

Valisha ukingo wa kwanza. Tia tyubu pumzi kidogo, iwe duara tu bila ugumu, uiweke ndani. Ukingo wa pili uanze kinyume na valvu, mikono yote miwili ikitembea pande mbili kuelekea juu. Kila baada ya sentimita chache, minya ulikotoka uingie mfereji. Zitakapobaki kama sentimita 10 hadi 15 tairi litakaza na kukataa. Usiguse leva bado. Simamisha gurudumu, valvu juu, shika tairi kwa viganja viwili, ulivute kwa kulibana kuelekea chini, mara tatu nne, kama unakamua nguo nzito. Utashangaa kiasi cha ulegevu kinachojitokeza juu.

Povu la sabuni kwenye sehemu ya mwisho ni halali kabisa. Njiani, maji ya chupa yanasaidia kiasi. Mafuta na grisi usipake, vinaharibu mpira.

Ikibidi leva, sukuma valvu ndani kwanza ili tyubu isibanwe na ukingo, kisha ingiza leva kidogo, inyanyue hadi isimame wima, basi. Ukiizidisha kupita hapo, ncha inazama na kuuma tyubu, na ukitia upepo utakuta vitundu vinavyotazamana ambavyo havikusababishwa na mwiba wowote.

Kwa matairi sugu kabisa, kifaa cha nyumbani nilichokiahidi ni jeki ya ukingo. Kool Stop wanatengeneza moja, na VAR wa Ufaransa wana leva yenye mkono wa aina hiyo. Inaegemea mdomo wa rimu upande mmoja, na mkono wake unaudaka ukingo upande wa pili na kuuvuta juu, nje kabisa, mbali na tyubu. Kwa mtu anayebadilisha matairi ya tyublesi mara kwa mara, hii ina thamani kuliko seti tatu za leva.

Maliza kwa kuzunguka gurudumu ukisukuma tairi pembeni kuangalia kama tyubu inachungulia. Jaza upepo kidogo, zungusha, tazama kama mstari wa ubavuni uko sawa pande zote, kisha ndipo ujaze kamili. Kama rimu yako ni ile isiyo na ndoano ndani ya midomo, usivuke bar 5, yaani psi 72.5, hata kama tairi lenyewe limeandikwa zaidi.

Leva zikivunjika ukiwa porini

Omba kijiko kwa mama lishe. Sisemi kwa utani: mkia wa kijiko kizito cha chuma cha pua ni wa mviringo, mwembamba, hauna makali, na watu wamevulia matairi kwa vijiko kwa miaka mingi. Ufungie kitambaa ili usikwaruze. Kama gurudumu lako linafungwa kwa kile kipini cha kubana na kuachia, mkono wake nao umewahi kuokoa watu wengi. Bisibisi iwe ya mwisho kabisa, bapa, imefungwa kipande cha tyubu kuukuu, na tyubu iliyomo ndani uihesabu kuwa imeshapotea.

Mimi sasa hubeba mbili za Pedro's na moja yenye chuma ndani, zote kwenye mfuko chini ya kiti, zimefungwa kwa ukanda wa tyubu ili zisigongane na tyubu ya akiba. Hazikai juani kwenye dashibodi ya gari, kwa sababu jua huikausha plastiki mpaka ikawa kama biskuti. Kila mwanzo wa mwaka nazitazama shingoni mchana kweupe. Yenye mstari mweupe naitupa, nanunua nyingine.